Kalamu ya Kujitegemea Katika Zama za Mtandao



Dominika moja, baada ya Misa huko Machochwe, kijana aliyemaliza kidato cha sita alinisubiri nje ya sakristia. "Tumsifu Yesu Kristo, Padre." "Milele amina." Alishika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Alinionyesha ujumbe kutoka kwa mtu asiyemfahamu, aliye ng'ambo ya mpaka wa Sirari, ukimwahidi kazi ya kuandika: kurasa 8 za Kiingereza kuhusu uuguzi wa wazee, ziwe tayari kabla ya kesho kutwa asubuhi. Akaunti angeazimwa, jina lisingekuwa lake, na malipo yangepitia kwa mwenye akaunti kwanza. "Padre," akaniuliza, "hii ni kazi au ni dhambi?"

Sikumjibu pale pale. Nilimwambia arudi baada ya wiki moja, kwa maana swali lake lilikuwa na maswali mengine ndani yake, na mengine sikuyajua vyema. Makala haya ni jibu nililomwandalia. Nimeona niwashirikishe na wengine, kwa sababu vijana wanaoniuliza habari za kuandika kwa njia ya mtandao wamekuwa wengi, na wazazi wao wanaoniuliza iwapo mtoto anayekaa na simu usiku kucha anafanya kazi kweli wamekuwa wengi zaidi.

Mwandishi wa kujitegemea ni mtu anayeuza maandishi yake bila kuajiriwa na yeyote. Huandika makala kwa gazeti, hutafsiri kitabu cha mafunzo kwa shirika, huandaa maelezo ya tovuti ya hoteli ya watalii, au hutunga hadithi na kuitafutia mchapishaji. Hana mshahara, hana likizo, na akiugua hakuna anayemlipa. Kazi hii si ngeni kwetu. Shaaban Robert aliishi kwa ukarani wa serikali, akianzia idara ya forodha, huku akitunga mashairi na riwaya nje ya saa za ofisi. Barua zake kwa nduguye zinaonyesha kwamba uandishi mkubwa kuliko wote katika lugha yetu ulifanywa na mtu aliyekuwa akihesabu senti. Na hapa hapa mkoani Mara, mzaliwa wa Butiama aliyeongoza nchi alipata muda wa kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Wote wawili walitegemea karatasi, posta na subira.

Kilichobadilika ni umbali. Zamani mswada ulisafiri kutoka Mugumu hadi Dar es Salaam kwa basi au kwa posta, na majibu yalikuja baada ya miezi, kama yalikuja. Leo kijana wa Machochwe anaweza kupeleka kazi yake kwa mhariri wa Nairobi kabla chai haijapoa. Na tangu M-Pesa ianzishwe nchini Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, hata malipo madogo yameweza kumfikia mtu asiye na tawi la benki karibu naye. Mambo haya mawili, ujumbe unaofika mara moja na fedha inayofika simuni, ndiyo yaliyoufungua mlango. Mengine yote ni nyongeza.

Kuhusu vifaa vyenyewe nitasema kwa ufupi, maana vijana wanavijua kuliko mimi. Simu janja inatosha kuanzia. Programu ya Google Docs hukuruhusu kuandika hata pasipo mtandao, na maandishi hujihifadhi yenyewe mtandao unaporudi. Kwa mahali ambapo mtu hupanda mlimani kutafuta mawimbi, jambo hili peke yake ni msaada mkubwa. (Niliwahi kupoteza makala nzima ya Kwaresima kwa sababu simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Sikuwa nimeihifadhi popote. Tangu siku hiyo sihitaji kushawishiwa.) Tangu Agosti 2017 Google imewezesha pia kuandika kwa sauti katika Kiswahili: unazungumza, simu inaandika. Huduma hiyo hukosea majina ya mahali petu, lakini humsaidia anayetaka kurekodi mahojiano na mzee asiyependa kuona mtu akiandika mbele yake. Kwa lugha, tafuta Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA au Kamusi ya Kiswahili Sanifu, na usitegemee kikagua tahajia cha simu, ambacho hupigia mstari mwekundu maneno sahihi na kuyaacha yaliyokosewa. Anzisha anwani ya barua pepe yenye jina lako halisi. Mhariri anapopokea ombi la kazi kutoka kwa anwani yenye jina la mchezaji wa mpira, hujibu kwa shida.

Sasa tuje kwenye fedha, ambako ndiko wengi huumia.

Yapo majukwaa ya mtandaoni yanayowakutanisha wateja na waandishi duniani kote. Lililo maarufu zaidi ni Upwork. Mteja hutangaza kazi, waandishi huiomba, mmoja huchaguliwa, na fedha hupita mikononi mwa jukwaa ili pande zote mbili zilindwe. Utaratibu huo ni mzuri, lakini una gharama zake. Kwa miaka kadhaa jukwaa hilo lilikata asilimia 20 ya dola 500 za kwanza mwandishi alizolipwa na mteja mmoja. Mwaka 2023 likaweka asilimia 10 kwa mikataba mipya, na viwango vinaweza kubadilika tena, kwa hiyo visome kabla ya kukubali kazi. Tena kila ombi la kazi hugharimu pointi, na pointi hununuliwa, kila moja senti 15 za dola. Ombi moja huweza kumeza pointi nyingi. Kijana anayeomba kazi thelathini na kukosa zote ametumia fedha halisi, mbali na bando.

Tufanye hesabu. Tuseme umepata kazi ya dola 50. Jukwaa likikata asilimia 10, zimebaki 45. Kuzitoa kuna ada, kuzibadili kuwa shilingi kuna hasara ndogo ya kiwango, na wakala wa simu naye ana makato yake. Ondoa bando, ondoa pointi za maombi yaliyokataliwa. Kisha gawa kilichobaki kwa saa ulizofanya kazi, pamoja na zile ulizosubiri umeme urudi. Andika hesabu hiyo kwenye daftari kwa miezi mitatu. Nimewaona vijana wanaosema "nalipwa kwa dola" na wasijue kwamba kwa saa wanapata chini ya anayepalilia shamba la jirani. Nimewaona pia wachache ambao hesabu yao inawapa moyo. Daftari litakuonyesha wewe uko upande gani.

Njia ya kupokea malipo ni mtego mwingine. Kwa miaka mingi Mtanzania aliweza kulipa kwa PayPal lakini si kupokea kwa urahisi, wakati jirani yetu wa Kenya, tangu Aprili 2018, ameweza kuhamisha fedha kati ya PayPal na M-Pesa yake. Sisi tunaoishi karibu na mpaka tunajua matokeo yake: kijana huvuka Sirari, hupata laini ya ng'ambo kwa jina la mtu mwingine, na fedha zake zote hupita kwa mtu huyo. Urafiki ukiharibika, au mwenye laini akipatwa na shida yake mwenyewe, hakuna pa kushtaki. Zipo njia halali, zikiwemo akaunti ya Payoneer na kupokea moja kwa moja benki. Zina masharti na huchukua siku kadhaa, lakini jina lililo juu ya fedha ni lako.

Nilikuwa nimemwomba kijana wangu aniletee daftari la aina hiyo. Hakuwa na la kuandika, kwa sababu hakuwa na akaunti yake. Na hapa ndipo tunapofika kwenye ule ujumbe wa simuni.

Kurasa 8 kuhusu uuguzi wa wazee hazikuwa makala ya gazeti. Zilikuwa kazi ya darasani ya mwanafunzi fulani wa chuo, huenda Marekani au Uingereza, ambaye angeziwasilisha kwa jina lake na kupewa alama. Biashara hii imeota mizizi Kenya kwa miaka mingi. Mwaka 2019 gazeti la The New York Times lilichapisha taarifa ndefu iliyowahoji waandishi wa Nyeri wanaofanya kazi hiyo, na mwaka 2024 ikatoka filamu ya The Shadow Scholars, ambamo Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mwenye asili ya Kenya, anakutana na vijana wasomi wa nchi yake ya kuzaliwa wanaowaandikia wanafunzi wa nchi tajiri. Vijana hao si wajinga wala wavivu. Ni watu wenye shahada waliokosa ajira, wanaoweza kusoma somo wasilowahi kufundishwa na kuliandikia vizuri kwa usiku mmoja. Kipaji kama hicho kuishia kwenye cheti cha mtu mwingine ni jambo linaloniuma kuliko linavyonikasirisha.

Lakini tulipime jambo lenyewe. Je, kumwandikia mtu mwingine ni kosa? Hapana. Waraka wa Mtakatifu Paulo kwa Warumi uliandikwa kwa mkono wa Tertio, naye anajitaja mwenyewe katika sura ya 16 akiwasalimu wasomaji. Wanasiasa huandikiwa hotuba, wazee wenye historia ndefu huandikiwa vitabu vya maisha yao, makampuni huandikiwa maelezo ya bidhaa. Katika hayo hakuna anayedanganywa juu ya jambo lenye uzito: anayesoma maelezo ya hoteli hajali ni nani aliyeyaandika, mradi hoteli iwe kama ilivyoelezwa. Kazi ya mwanafunzi ni kitu kingine. Lengo lake lote ni kuthibitisha kwamba huyu, na si mwingine, anajua jambo hili. Ukimwandikia, thibitisho limekuwa uongo, na siku moja mgonjwa mzee atalala kitandani mbele ya muuguzi ambaye hakuwahi kujifunza namna ya kumgeuza asipate vidonda. Mgonjwa huyo hakuwamo katika ule ujumbe wa simu, na hakuna aliyemwuliza.

Nikiwa seminarini niliwahi kuwasilisha insha juu ya Mtakatifu Augustino ambayo theluthi yake niliinakili kutoka kitabu cha maktaba. Mlezi wangu aliirudisha bila alama. Pembeni aliandika maneno matatu tu: "Haya ya nani?" Sijamtaja kijana jambo hili ili nijionyeshe mnyenyekevu. Nilimtajia kwa sababu alipaswa kujua kwamba anayemshauri amewahi kusimama upande wa pili wa kosa hilo hilo.

Sheria nazo zimeanza kukaza. Australia ilipitisha mwaka 2020 sheria inayomwadhibu anayeuza kazi hizo, hata kwa kifungo cha hadi miaka 2, na Uingereza imeharamisha biashara hiyo kwa vyuo vya England mwaka 2022. Tazama inamlenga nani: muuzaji, si mwanafunzi. Na kukodi akaunti ya mtu huvunja masharti ya jukwaa lolote ninalolijua. Siku likigundua, akaunti hufungwa, na fedha iliyokuwa ndani yake huzuiwa. Aliyefanya kazi hana hata uwezo wa kulalamika, maana kwa jukwaa hilo yeye hayupo.

Tena soko lenyewe limetikisika. Programu ya ChatGPT ilipotolewa tarehe 30 Novemba 2022, wanafunzi wengi walipata bure kile walichokuwa wakikilipia. Baadhi ya waandishi wa Kenya walipungukiwa na kazi, wengine wakapewa kazi mpya ya ajabu: kuyasahihisha maandishi ya mashine ili yaonekane yametoka kwa binadamu. Anayeingia sasa katika biashara hii anaingia nyumba ambayo wenyeji wake wanafunga mizigo.

Je, akili mnemba itamaliza uandishi wote? Baba Mtakatifu Fransisko aliizungumzia katika ujumbe wake wa Siku ya Mawasiliano Ulimwenguni mwaka 2024, akihimiza hekima ya moyo iandamane nayo. Mimi nitasema la kawaida zaidi. Nimeitumia. Hupanga hoja vizuri, husahihisha Kiingereza changu, hufupisha taarifa ndefu. Lakini hubuni nukuu ambazo hazipo, na kwa Kiswahili huteleza kwenye ngeli pale sentensi inaporefuka. Tafsiri za mashine zina aibu nyingine inayojulikana: Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika "yeye", basi mara nyingi mashine humgeuza daktari kuwa mwanamume na muuguzi kuwa mwanamke, bila kuuliza. Anayeitumia lazima ajue kuliko yenyewe. Mteja naye ana haki ya kuambiwa kama umeitumia. Ukimficha, umerudi kwenye swali la mlezi wangu.

Palipo na tumaini, nionavyo mimi, ni mahali ambapo mashine na mwandishi wa mbali hawawezi kufika. Machochwe inapakana na Hifadhi ya Serengeti. Mahindi yanapokaribia kukomaa, watu hulala mashambani wakilinda dhidi ya tembo, kwa tochi, kwa debe, kwa kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu. Ulimwengu mzima husoma habari za tembo wa Serengeti, na mara nyingi sana zimeandikwa na mtu aliyekaa siku nne katika hoteli. Kijana anayejua Kikurya, anayeweza kumkalisha bibi aliyepoteza ekari moja usiku mmoja na kumsikiliza hadi mwisho, ana kitu ambacho mhariri hawezi kukipata kwingine. Kadhalika Kiswahili chenyewe kimepanuka: mwaka 2019 kilikuwa lugha rasmi ya SADC, Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha ya kazi. Tafsiri inahitajika, na mfasiri mwenye Kiswahili cha shuleni na cha nyumbani, pamoja na Kiingereza kisichoyumba, hana budi kujitangaza kwa kutumia kazi alizokwisha kuzifanya, hata kama ni chache. Kwa watunzi wa hadithi na mashairi ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, na ipo ile ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014, ambayo hupokea pia miswada isiyochapishwa.

Yabaki mambo machache ya kisheria ambayo mwandishi chipukizi huyapuuza. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1999, hakimiliki ya andiko ni yako tangu unapoliandika, na huendelea miaka 50 baada ya kifo chako. COSOTA ndiyo ofisi inayosimamia haki hizo. Lakini unaweza kuziuza kwa saini moja bila kujua. Soma mkataba, hasa sehemu inayosema unakabidhi haki zote milele, na ukiona inakutatiza, muulize mtu kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali. Anayetaka kuchapisha habari katika tovuti yake mwenyewe aulize kwanza TCRA: kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka ada za leseni ambazo kwa mwandishi mdogo zilikuwa mzigo mzito, zikabadilishwa mwaka 2020 na tena 2022. Chukua namba ya mlipakodi TRA, haitozwi ada. Na yeyote anayekutaka utume fedha kwanza ili upewe kazi, hata akiandika kwa heshima namna gani, ni tapeli. Namba yake ipeleke kwa 15040.

Wazazi nao niwaambie hili. Mtoto anayeandika anahitaji saa za kimya kama vile anayesoma kwa mtihani. Mwulizeni aonyeshe alichoandika wiki hii na aliyemlipa, kama yupo. Mkiona karatasi na majina halisi, mpeni taa.

Kijana alirudi Dominika iliyofuata. Nilimweleza haya yote, kwa mpangilio mbaya kuliko huu. Alinyamaza, kisha akasema kwamba fedha ile ingelipa deni la dawa za mama yake. Sikuwa na jibu zuri kwa hilo. Deni tulilijadili pamoja na jumuiya yake ndogondogo, na hiyo ni habari nyingine. Ujumbe wa Sirari hakuujibu. Sasa anaandika makala ya maneno 1,200 kuhusu walinzi wa mashamba wa usiku, atakayoipeleka kwa gazeti moja la Dar es Salaam na, kwa Kiingereza, kwa jarida moja la Nairobi. Wiki iliyopita alinitumia rasimu ya kwanza. Nilimrudishia ikiwa na alama nyingi, na swali moja juu ya aya ya tatu, ambapo anasema tembo walikuwa saba: je, aliwahesabu mwenyewe, au aliambiwa? Alijibu usiku huo huo kwamba anakwenda kumwuliza tena yule bibi.